Saveta Jurj: Miaka Thelathini na Minne, Magogo Kumi na Moja

Tarehe 30 Septemba 2014, saa nane mchana, Saveta Jurj atarudisha nyundo yake ya muhuri katika ghala la Mgodi wa Dâlma na kutia saini kitabuni. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na minne, miezi sita na siku ishirini na saba, yote katika kiwanja kimoja, kiwanja cha magogo.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Gogo halishuki mgodini kuwa nguzo mpaka lipite mikononi mwake. Akilikubali huligonga kichwani mara moja kwa nyundo yenye nambari 7. Akilikataa huliviringisha upande wa mtoni, wapasua mbao wakalichukue. Vitabu vya kiwanja vinaonyesha kwamba amepitisha magogo laki tatu na elfu tisini na kukataa elfu kumi na mbili na ushei.

Alikosea magogo kumi na moja, yote siku moja. Idadi hiyo haimo katika kitabu chochote. Ni hesabu yake mwenyewe, na ukimwuliza habari za kazi, ndiyo atakayokutajia kwanza. Jarida hili la wafanyakazi lilipomwendea kutaka habari za kuaga, alitoa sharti: asipotajwa Remus Tăut, basi hakuna mahojiano, hakuna picha, na keki mle wenyewe. Kwa hiyo habari hii inamtaja Remus Tăut.

Saveta alizaliwa mwaka 1957 huko Runcu, binti wa mchoma makaa. Alifika Dâlma tarehe 3 Machi 1980, akaajiriwa kufagia magome. Mchambuzi wa magogo wakati huo alikuwa Nistor Vlaicu, mzee mkali aliyekuwa na vidole vinane na hakuwapenda wanafunzi. Siku ya tatu Vlaicu aliona kwamba mfagiaji mpya hakurundika magome pamoja kama wenzake. Alikuwa na marundo manne.

"Nani kakuambia uyatenge?" aliuliza.

"Hakuna. Si hayafanani?"

Wiki iliyofuata ufagio ulikwenda kwa mtu mwingine. Vlaicu alimfunga Saveta kitambaa machoni akamwambia apapase. Mafunzo yalichukua miaka miwili, na kitambaa hakikufunguliwa mara nyingi.

Wasiofanya kazi kiwanjani huona miti ya sindano, ile yenye majani membamba yaliyochongoka, kuwa kitu kimoja. Katika bonde hili watu wa mjini huiita yote bradi, hasa Desemba, wanaponunua mti wa Krismasi sokoni. Miti ile si bradi. Ni molidi, karibu yote, na Saveta amewaambia hivyo wauzaji kila Desemba kwa miaka thelathini na minne. Mmoja wao alizoea kumwona akija, akawa anapaaza sauti kabla hajafika: "Haya jamani, molidi! Molidi safi! Bradi hatuna, polisi wa bradi kafika!"

Wachimbaji hawana ruhusa ya kuchanganya. Chini wanataka molidi. Msonobari wa kawaida wanaukubali. Zada, mti mwingine wa sindano, wanaishukuru, kwa kuwa ni ngumu na haiozi upesi, ila ni nadra. Bradi hawaitaki hata ya kutundikia koti. Wana sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kijana akifa kabla hajaoa, huku kwetu hukatiwa bradi, ikavikwa riboni kama bibi harusi na kusimamishwa kwenye kaburi lake. Mchimbaji ambaye hajaoa hataki kuukuta mti huo ukimngoja kazini. Sababu ya pili ni kwamba molidi husema. Dari ikilemea, nguzo ya molidi hulia na kupasuka nyuzi kwa nyuzi, na mtu hupata muda wa kukimbia. Bradi, wanasema wachimbaji, hukaa kimya, kisha hukatika. Vitabu vya uhandisi havikubaliani juu ya jambo hili. Wachimbaji wa Dâlma wanakubaliana.

Kila mwezi wa Mei Saveta aliwapokea wanafunzi wa shule ya msingi akawafundisha kwa vidole. Sindano ya molidi ina pembe nne, huviringika kati ya vidole viwili, na inachoma. Ya bradi ni bapa, haiviringiki, ncha yake ni butu, na chini yake ina mistari miwili myeupe. Ukiinyofoa sindano ya molidi, kijiti hubaki na vinundu, kinakwaruza kama tupa. Ukiinyofoa ya bradi, kijiti hubaki laini, na alama ya duara kama iliyoachwa na kifungo. Matunda ya molidi, yale yenye magamba, huning'inia na kuanguka mazima. Ya bradi husimama wima juu ya tawi na kumeguka hukohuko, kwa hiyo anayekuambia ameokota zima chini ya bradi ama ameokota la mti mwingine ama ni mwongo. Msonobari wa milima yetu sindano zake hutoka mbilimbili. Zada huzitoa kwa mafungu, laini kama nywele za mtoto, na ikifika vuli zote hugeuka njano na kuanguka.

Hilo la zada lilitupatia kichekesho cha mwaka 1986. Mhandisi mmoja aliyehamishiwa hapa kutoka nyanda za kusini aliamka asubuhi ya Novemba akaona zada arobaini za barabara ya lango zikiwa uchi. Aliandika amri zikatwe kwa kuwa zimekufa, zisije zikaangukia watu. Saveta aliwakuta wakataji wameshawasha msumeno. Alikaa chini ya mti wa kwanza na chakula chake cha mchana, ugali wa mahindi na jibini ya kondoo, akala taratibu. Mhandisi alipotoka ofisini kwa hasira, Saveta alimwambia: "Bosi, na wewe ukivua koti tukuzike?" Zada zile zipo hadi leo. Mhandisi alihama mwaka uliofuata.

Lakini magogo ya mgodini hufika bila sindano, bila matunda, na mara nyingi bila magome. Hapo elimu ya watoto inakwisha. Saveta hutazama vifundo, hupima uzito, hukata kichane, kibanzi chembamba cha mti, kwa kisu na kunusa. Msonobari na zada zina moyo mwekundu. Molidi ni nyeupe, inang'aa kidogo, inanuka utomvu. Bradi nayo ni nyeupe, lakini imefifia kuelekea kijivu, na ikiwa mbichi hunuka siki. Molidi na bradi zilizomenywa ndizo ndugu wawili ambao hata mama yao angewakosea, na ndizo alizoajiriwa kuzitenga.

Alhamisi tarehe 9 Januari 1997 baridi ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Mletaji wetu wa kawaida alikuwa amekwama, na badala yake yalifika mabehewa mawili kutoka bonde lingine, magogo 212, yote yamemenywa na kuvikwa barafu. Chini nguzo zilikuwa zimekwisha tangu juzi yake. Avram Todea, msimamizi wa zamu, alipanda mwenyewe kutoka shimoni, uso mweusi, akasimama mbele ya Saveta.

"Shangazi Saveta, dari inanililia kule na sina hata fimbo ya kuiegemeza. Unanusa magogo au unanusa mchuzi?"

"Hayanuki. Yameganda."

"Basi yaangalie!"

"Ninaangalia barafu, Avram."

"Nina watu kumi na wanne chini ya hiyo dari. Wewe una barafu."

Todea amesoma maneno haya na kuthibitisha kuwa ndivyo alivyosema. Hakuwa na nia mbaya, na dari ilikuwa inashuka kweli. Kisu cha Saveta kiliteleza juu ya barafu. Alitumia macho, akagonga kwa mgongo wa nyundo na kusikiliza. Kwa kawaida magogo 212 humchukua siku mbili. Siku ile aliyamaliza kwa saa moja na nusu. Alikataa kumi na tisa na kuyapiga mengine yote muhuri nambari 7.

Jumanne tarehe 21 Januari, saa nne na dakika arobaini asubuhi, dari ya handaki la kumi na mbili iliporomoka. Walikufa watu wawili. Mmoja alikuwa Iosif Benea, mkata makaa ya mawe, umri wa miaka 41, baba wa watoto watatu. Wa pili alikuwa Remus Tăut, miaka 23, msimamisha nguzo, ambaye hakuwa ameoa. Todea alikuwa hatua kumi kutoka kwao. Maelezo yake kwa kamati ya uchunguzi yana mistari minne, na huu ni wa tatu: "Nimezisikia nguzo zikisema kwa miaka ishirini. Hii haikusema."

Taarifa ya kwanza ilitoka siku ya pili. Ilisema kwamba kabari ya kukazia nguzo ilipachikwa mshazari na msimamishaji, na nguzo ikateleza. Kwa maneno mengine, Remus Tăut alijiua kwa uzembe na kumwua Benea pamoja naye. Viorica Benea, mjane, aliipata habari hiyo kwenye foleni ya mkate, na mbele yake kwenye foleni alikuwa amesimama Lucreția Tăut, mama yake Remus. Waliokuwepo wanakumbuka alichosema. "Mwanao kaniachia watoto watatu na kabari, Lucreția. Sasa niambie, kabari inapikwaje?" Lucreția aliuweka mkate wake chini akaondoka.

Saveta alikuwa mama wa ubatizo wa Remus. Alimshika juu ya maji huko Runcu, yeye mwenyewe akiwa na umri wa miaka kumi na sita, mwaka 1973, na kwa desturi yetu ndiye ambaye angesimamia harusi yake. Harusi haikuwepo, kwa hiyo alipaswa kuuvika mti riboni. Asubuhi ya mazishi, Ijumaa tarehe 24, vijana wanne walipanda mlimani wakarudi na mti mrefu uliosimama vizuri, wakauegemeza kwenye uzio wa akina Tăut. Saveta alivua glavu, maana riboni haifungwi kwa glavu.

Sindano zilimchoma. Alinyofoa moja akaiviringisha kati ya kidole na gumba, ikaviringika.

"Mmeukata wapi huu?" aliwauliza kwa sauti ndogo.

"Juu ya machimbo ya mawe, shangazi. Bradi nzuri kuliko zote, tumechagua saa nzima!"

"Mmechagua vizuri," alisema, akafunga riboni. Padri alikuwa ameshafika na hapakuwa na muda wa kurudi mlimani. Remus Tăut alizikwa na molidi.

Vijana wale walizaliwa chini ya mlima ule. Walikuwa na mwanga wa mchana, sindano, magome, na saa nzima, na bado walikosea. Padri akisoma, Saveta hakuwa akimsikia. Alikuwa akiyahesabu magogo ya tarehe 9. Ameliambia jarida hili hivi: "Nikasema moyoni, kama hawa wamekosea na mti umevaa nguo zake zote, mimi nilifanya nini na ule ulio uchi na wenye barafu?"

Hakuonja ngano ya mazishi, ile ipikwayo na kugawiwa waombolezaji. Alikwenda moja kwa moja kwa Todea na kumwomba ashuke naye handaki la kumi na mbili. Todea alikataa, kwa kuwa mwanamke hashuki, na wiki ile hakuna mchimbaji ambaye angekubali kuongeza mkosi juu ya mkosi. Badala yake Todea alishuka peke yake, akarudi na kichwa cha nguzo iliyovunjika ndani ya mfuko wake wa mkate. Alikiweka mezani, kibandani kwa Saveta. Nambari 7 ilionekana wazi.

Kipande hicho hakikuwa na barafu tena. Saveta alikikata kichane chembamba akakiweka juu ya jiko la chuma la kibanda, kando ya kichane cha molidi. Mbao ya molidi ina vijishimo vya utomvu ndani yake. Ya bradi haina. Baada ya dakika mbili molidi ilianza kutoa matone. Kichane cha nguzo kilikauka, kikawa kahawia, kisha kikatoa moshi. Alirudia mara tatu. Todea alikuwa ameketi kwenye benchi na kofia mkononi.

"Labda jiko halijapata moto," alisema.

"Limepata."

"Shangazi, hakuna aliyekuuliza."

"Nguzo nyingine za mabehewa yale zimesimamishwa wapi?"

Todea alielewa, akashuka. Usiku ule zamu yake ilikagua kila nguzo ya tarehe 9, kichane kwa kichane, Saveta akiwa juu na jiko. Walipata nyingine kumi za bradi zikiwa zimebeba dari, sita kati yake juu ya njia ambayo watu wote hupita. Walizibadilisha moja moja. Ndiyo maana hesabu yake ni kumi na moja.

Jumanne tarehe 28 Januari alikwenda mbele ya kamati bila kuitwa. Aliweka mezani kichwa cha nguzo na nyundo yake, akasema gogo ni la bradi, yeye ndiye aliyelipitisha, na kijana hana kosa. Mwenyekiti, Mhandisi Octav Sârbu, alimpa kiti. Kisha alimwonyesha fomu ya kupokelea magogo. Wakati ule fomu za migodi yote zilikuwa na mstari mmoja tu kwa molidi, bradi, msonobari na zada. Mstari uliandikwa: miti ya utomvu.

Kumbukumbu za kikao zina mazungumzo yafuatayo.

"Mama, hapa pameandikwa utomvu. Mmeagiza utomvu, mmeletewa utomvu, umepitisha utomvu. Kosa lako liko wapi?"

"Mbao ya bradi haina utomvu, mheshimiwa."

"Kwenye fomu inao."

"Basi fomu hiyo ndiyo ibebe dari."

"Mama Jurj, tunakusaidia. Nenda nyumbani."

Hivyo Saveta Jurj alisafishwa. Kwa mujibu wa karatasi, bradi na molidi ni mti mmoja, na mtu hawezi kukosea kati ya kitu na kitu hichohicho. Lakini nguzo ilikuwa imevunjika na watu wawili walikuwa wamekufa, na kosa lazima lilale mahali. Lililala pale lilipokuwa limelazwa. Taarifa ya mwisho, ya Machi 1997, inasema: kabari, mshazari, Tăut R.

Alieleza ukweli mjini kwa yeyote aliyetaka kusikia, na hakuna aliyemwamini. Mama wa ubatizo, walisema, atabeba lolote kwa ajili ya mtoto wake. Walimsifu kwa huruma yake. Viorica Benea, aliyepakua chakula kantini, alikuwa akimsalimu kila siku dirishani na kumjazia bakuli kuliko wengine, kwa kuwa aliona ni mwanamke mwema anayejitwisha mzigo wa mtu mwingine. Saveta alikula chakula hicho kwa miaka kumi na saba. Lucreția Tăut alimwamini mara moja, na kwa sababu hiyo hakumfungulia mlango kwa miaka miwili na nusu. Siku alipoufungua, alisema tu, "Ingia, kahawa inapoa," na tangu hapo walikunywa kahawa pamoja kila Jumapili. Mtaani hakuna mwingine aliyekwenda kwake. Alifariki Februari 2009, na taarifa ilikuwa bado ni ileile.

Kila Januari Saveta aliuandikia uongozi barua kuomba taarifa irekebishwe. Barua ni kumi na saba. Majibu ni tisa, na manane kati yake yana maneno yaleyale, hata kosa la tahajia. Uongozi wa sasa umeruhusu tuyaseme haya, na unastahili kusifiwa kwa hilo.

Kazini alibadilisha mambo mawili. Tangu Februari 1997 behewa lililoganda halipiti. Linangoja mpaka gogo lilainike, na kichane cha kila gogo kinalala juu ya jiko. Wasimamizi walimtukana kwa miaka kadhaa. "Shangazi, tunangoja nguzo au tunangoja mkate uive?" Jibu lake lilikuwa halibadiliki: "Ngojeni. Jeneza nalo ni la mbao." Na mwaka 2001 fomu ya Dâlma, ya Dâlma peke yake, ilipata safu mpya: aina ya mti. Anasema hakuiomba, aliomba kitu kingine. Hata hivyo, tangu ajali ya 1997 hakuna mtu aliyekufa Dâlma kwa nguzo iliyovunjika. Hiyo ni miaka kumi na saba, na katika bonde hili hakuna mgodi mwingine unaoweza kuandika sentensi hiyo.

Wanafunzi wake wawili, Dorina Crainic na Emil Ruja, wataendelea na kiwanja mpaka mgodi utakapofungwa mwakani. Wote wawili walifungwa kitambaa. Emil anasema alifaulu mtihani mara ya sita, na kwamba mara ya tano Saveta alimpa gogo, akampa na ubao wa mlango wa choo, asimwambie.

Mwezi Juni uongozi ulimwuliza Saveta angependa zawadi gani. Orodha iliyopendekezwa ilikuwa na saa ya ukutani, wiki mbili za mapumziko kwenye chemchemi za maji ya moto, na mashine ya kufulia. Alijibu kwamba anataka taarifa ya 1997 irekebishwe. Mwanasheria wa mgodi alieleza kwamba kamati ile haipo tena na hakuna mwenye mamlaka ya kuifungua kazi yake. Ndipo Saveta akaomba jambo dogo zaidi: ukweli uchapishwe katika jarida la wafanyakazi, kwa idhini ya mgodi na chini ya nembo yake.

Jarida halichapishi jambo kwa kuombwa tu. Kichwa cha nguzo, ambacho Saveta alikihifadhi kikiwa na muhuri wake, kilipelekwa kwa shule moja ya misitu pamoja na vipande vingine vitatu visivyo na majina. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: kipande cha tatu, chenye nambari 7, ni bradi. Todea, ambaye sasa amestaafu, aliandika na kutia saini kwamba aliiona kabari baada ya ajali ikiwa bado imekaa mahali pake, sawasawa, na kwamba aliieleza kamati hivyo mwaka 1997. Tulitafuta. Maelezo hayo yamo kwenye jalada, ukurasa wa arobaini na moja, na yamekatwa kwa mstari wa kalamu.

Uongozi ulikubali, kwa masharti. Mwanasheria aliruhusu sentensi moja. Saveta aliiandika mara tatu, na hii ndiyo aliyoileta:

"Nguzo aliyoisimamisha Remus Tăut ilisimamishwa vizuri, gogo lilikuwa la bradi, na mimi, Saveta Jurj, ndiye niliyelipitisha."

Kabla ya kuchapa, haki ilitaka Viorica Benea aonyeshwe. Alisoma jikoni kantini akiwa amesimama, akasoma na jibu la shule ya misitu na ukurasa wa arobaini na moja. Aliuliza kama Lucreția aliliona hili. Aliambiwa hapana. Aliirudisha karatasi.

"Chapeni," alisema. "Jumapili nitakwenda kaburini kwa Lucreția kumwomba radhi. Lakini huyu mwingine asije tena kwenye dirisha langu na bakuli. Mwambieni."

Saveta aliambiwa siku hiyohiyo, kiwanjani, akiwa na kisu mkononi na gogo mbele yake. Alikata kichane, akakinusa, akaligonga gogo muhuri. "Sawa," alisema. "Sasa anamjua mtu wa kumlaumu." Tangu wiki hiyo anakuja na chakula kutoka nyumbani.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Dâlma, walio juu na walio chini, tunakushukuru, Shangazi Saveta, kwa magogo laki tatu na elfu tisini, na kwa kutotuacha tukusifu kwa lisilokuwa lako. Mungu akupe miaka mingi ya kupumzika, miguu isiyouma, na jirani wa kunywa naye kahawa.